Anwani Isiyo na Mkia

Mteja akipiga simu ofisini kuuliza anwani ya tovuti, wenzake wote humwonyesha yeye kwa kidole. Si kwamba wao hawaijui. Wanapenda tu kumsikia akiitaja. "Andika jina la hospitali," husema polepole, kama mtu anayesomesha imla, "kisha nukta, kisha zile herufi za mwisho, kisha mkwaju, halafu neno miadi." Watu wote katika kampuni ile ya watu saba husema "slashi". Yeye husema mkwaju, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kuusoma ule mstari ulioinama, na hajaona sababu ya kuacha. Basi wakambandika jina hilo. Siku ya kwanza alikasirika, na jina likaganda. Siku ya pili aliliandika mwenyewe kwenye kikombe chake cha chai kwa kalamu ya wino usiofutika, wakakosa raha ya kumtania. Tangu hapo yeye ni Mkwaju, na akiitwa kwa jina la kwenye vyeti huchelewa kuitika.

Kampuni yao iko ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro. Lifti ina karatasi inayosema inatengenezwa, na karatasi yenyewe imeanza kuwa ya njano. Meza ya Mkwaju iko dirishani, ila dirisha linatazama ukuta wa jengo la pili na bomba la maji machafu. Hapo ndipo anapotengeneza njia za tovuti. Mtu akiandika anwani kwenye simu yake, yeye ndiye aliyekwisha kuamua ukurasa gani umfungukie, kwa lugha gani, na akibonyeza hapa aende wapi. Aliwahi kumweleza shangazi yake kwamba kazi hiyo inafanana na ya askari wa barabarani.

"Basi usiwe unasimamisha watu bila kosa," shangazi alimjibu.

Shangazi huyo, dada wa marehemu baba yake, ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu kwa miaka thelathini na mmoja. Katika nyumba ile ya vyumba viwili, mtoto alisahihishwa sentensi kwanza ndipo akapewa alichoomba. Ukisema "naomba kalamu ile nyekundu lile", kalamu huipati. Mkwaju alikua akijua kwamba kusema sawasawa si maringo. Ni namna ya kumheshimu anayekusikiliza. Alipomaliza chuo cha kompyuta na kupata kazi, shangazi hakuuliza mshahara. Aliuliza, "Hizo kurasa mnazotengeneza, zinasomeka?"

Mkwaju alijibu kwamba zinasomeka. Jibu hilo lilikuja kumgeukia.

Jumatatu moja asubuhi, Meneja aliwaita wote kwenye chumba cha mikutano, kile chenye kuta za kioo ambacho wao hukiita Bwawa la Samaki. Meneja si mtu mbaya. Ni mtanashati, viatu vyake hung'aa hata siku za matope, na akitaka kusema jambo gumu huanza kwa tabasamu.

"Jamani, nina habari njema, na nina habari ya kawaida," alisema. "Habari njema: wateja wetu wa hospitali ya macho wanafungua tawi nchi jirani. Ijumaa Daktari Mkuu mwenyewe anakuja hapa kuidhinisha tovuti mpya. Habari ya kawaida: kwenye tovuti hiyo mpya, Kiswahili tunakitoa."

Alibonyeza kitufe, mchoro ukatokea ukutani. Mnara mmoja mrefu wa buluu, na pembeni yake kijinara kifupi kama kisigino.

"Katika kila wagonjwa mia wanaojiandikisha mtandaoni, tisini na sita wanatumia Kiingereza. Wanne tu ndio Kiswahili. Na hao wanne," akachukua karatasi mezani, "mpokezi wa hospitali ameandika hapa kwamba ndio wanaokuja muda usio wao. Mmoja anakuja asubuhi kumbe miadi yake ni mchana. Mwingine kinyume chake. Kwa hiyo Kiswahili hakitumiki, na kinapotumika kinachanganya watu. Kule nchi jirani nako tutaweka lugha moja, ile ya ofisini kwao. Nchi moja, lugha moja. Tumemaliza."

Mchoraji wa kurasa, kijana mwembamba ambaye wenzake humwita Rangi kwa sababu anaweza kubishana nusu siku juu ya aina mbili za kijani, alicheka kidogo. Alipoona uso wa Mkwaju, akakimeza kicheko hicho.

"Mkwaju, kazi yako ni ndogo," Meneja aliendelea. "Anwani zote zenye mkia wa 'mkwaju sw' zipeleke kwenye 'mkwaju en'. Mtu akigonga mlango wa Kiswahili, afungukiwe Kiingereza. Ni mstari mmoja tu, au nimekosea?"

"Ni mstari mmoja."

"Safi."

"Lakini siuandiki."

Tabasamu la Meneja lilibaki pale pale, ila macho yaliliacha.

"Rudia?"

"Nimesema siuandiki, bosi. Mtu hawezi kuwa anasoma Kiswahili tangu utotoni halafu akafika kwetu akachanganyikiwa. Kuna kitu tumekosea sisi. Nipe muda nikitafute."

"Una hadi Ijumaa saa nne," alisema Meneja. "Ukiwa na sababu, nitasikiliza. Ukiwa huna, huo mstari ataandika mwingine, na wewe tutakutafutia kazi nyingine humu ndani. Au utajitafutia mwenyewe huko nje. Tumeelewana?"

"Tumesikizana," alisema Mkwaju.

Walipotoka, Rangi alimfuata ngazini. "Dada, wewe ungefyata mkia tu. Ni hospitali moja. Utakufa kwa ajili ya herufi mbili?"

"Sijasema nitakufa. Nimesema siandiki."

Jioni alifika nyumbani akiwa amejipanga kumsimulia shangazi mkasa mzima, lakini alimkuta ameketi kwenye kochi na gauni lake la kutokea, lile la buluu lenye kola, mkoba bado uko begani. Shangazi alikuwa na mtoto wa jicho, jicho la kulia. Miezi miwili alikuwa akisubiri daktari ampime ili apangiwe upasuaji, na siku yenyewe ilikuwa hiyo.

"Shikamoo, shangazi. Daktari amesema nini?"

"Marahaba. Daktari hakusema chochote. Daktari sikumwona." Akavuta pumzi. "Nimefika mapema; nilipewa miadi ya saa nane, nikafika saba na nusu. Yule mpokezi akaniambia nimechelewa. Nikamwambia mama, tazama vizuri. Akasema nimechelewa karibu saa sita, daktari wangu ameondoka tangu adhuhuri. Mimi! Miaka thelathini na mmoja nimepiga kengele ya shule kwa mkono huu, leo naambiwa nimechelewa saa sita! Nimepewa tarehe nyingine. Miezi miwili tena."

Mkwaju alinyoosha mkono akapokea simu. Ujumbe ulikuwa bado unaonekana: *Miadi yako ni Jumatatu, Saa 8:00 AM. Tafadhali usichelewe.*

Sentensi ile aliijua. Aliitunga yeye, asubuhi moja ya haraka, mwaka uliopita.

"Shangazi, hii ni saa mbili asubuhi."

"Wapi imeandikwa saa mbili? Soma."

"Saa... nane."

"Umesoma mwenyewe."

"Lakini hii AM inamaanisha asubuhi."

"Hizo nilidhani ni alama zenu za kompyuta. Kama ni asubuhi, mbona hukuandika asubuhi? Neno lenyewe si geni." Alimtazama kwa jicho lake zima. "Nani ameandika hiki?"

"Mimi, shangazi."

Shangazi hakupandisha sauti. Ilikuwa afadhali angepandisha. Alinyoosha kidole kwenye saa ya ukutani. "Sasa hivi ni saa ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Mshale mfupi uko kwenye namba gani?"

"Sita."

"Umeona sita, ukasema kumi na mbili, na wala hukufikiri. Kila mtu hufanya hivyo, hata mtoto wa darasa la tatu. Saa ya ukutani ni ya macho, mdomo ndio unaoigeuza. Lakini ukishaandika neno 'saa' na namba mbele yake, hayo tayari ni maneno ya mdomo. Umeshanigeuzia wewe. Mimi niliyesoma nageuza nini tena?"

Mkwaju alikaa kwenye mkono wa kochi. Kosa lote lilikuwa limekaa katika neno moja la herufi tatu. Kompyuta ilitoa namba 8:00 kama saa ya ukutani, yeye akaibandikia neno "Saa" mbele akadhani ametafsiri. Ofisini wote huona kumi kwenye skrini wakasema mkutano ni saa nne, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuwa mgonjwa.

"Wanataka kukitoa Kiswahili," alisema. "Wanasema kinachanganya watu."

"Kiswahili ndicho kilichonichanganya mimi?" Shangazi alivua mkoba begani, mara ya kwanza tangu arudi. "Kamsahihishe aliyeandika. Usimfute aliyesoma."

Kesho yake Mkwaju hakwenda ofisini. Hakuomba ruhusa pia, kwa kuwa alijua jibu. Alikwenda hospitali ya macho, akakaa kwenye benchi la wagonjwa.

Mpokezi, mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba, alimtambua alipojieleza. "Kumbe ni wewe mwenye tovuti! Karibu mama, kaa hapo hapo uyaone uliyoyapika."

Hakukaa sana. Saa mbili na robo aliingia mzee mmoja, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inasimama, akasogea dirishani.

"Binti, namwulizia Daktari PM."

"Nani, baba?"

"Daktari PM. Nimeandikiwa hapa, saa mbili, PM. Nikauliza pale mlangoni wakaniambia hakuna daktari mwenye herufi hizo."

Benchi zima likacheka, mzee naye akacheka alipoelezwa, lakini alipoambiwa daktari wake ni wa saa nane mchana, kicheko kilimwisha. Alikuwa ametoka mbali. Alikwenda kukaa kwenye kona, akaweka kofia gotini, akaanza kusubiri hizo saa sita.

Mkwaju alipiga moyo konde akasimama mbele ya benchi. "Samahani, ndugu zangu. Mimi ndiye niliyeandika hiyo saa. Kosa ni langu na nimekuja kulirekebisha. Naomba anayeweza anionyeshe simu yake, tujiandikishe pamoja, nione mnakwama wapi."

Alitegemea matusi. Alipata simu. Wa kwanza kumpa alikuwa fundi viatu, mtu wa maneno mengi na vidole vyeusi kwa dawa ya viatu.

"Tazama mwenyewe, dada. Nafungua. Kimekuja Kiingereza. Natafuta huku pembeni kuna kibendera, nakibonyeza, nachagua Kiswahili. Eeh, kimekuja. Naandika jina langu. Nabonyeza Endelea." Ukurasa uliofuata ulifunguka kwa Kiingereza. "Umeona? Narudi. Kiswahili. Endelea. Kiingereza. Simu hii inanidharau kweupe!"

"Sasa ulifanyaje?"

"Nilimpa jirani akamalizia."

"Kwa hiyo wewe kwenye hesabu zetu umeandikwa mtumiaji wa Kiingereza."

"Mimi?" Fundi viatu aliwageukia wenzake. "Jamani, sikieni! Nimekuwa Mzungu na mke wangu hajaambiwa!"

Hadi adhuhuri Mkwaju alikuwa ameshika simu arobaini. Thelathini na nne zilikuwa zimewekwa Kiingereza, si kwa kuchaguliwa na wenyewe, bali ndivyo zilivyotoka dukani. Tovuti ilikuwa inaichungulia simu, inaona Kiingereza, inampeleka mtu mlango wa Kiingereza bila kumwuliza. Mtu akijitahidi kubadilisha, viungo vya kumpeleka kwenye kurasa za ndani vilikuwa havibebi ule mkia wa "sw", kwa hiyo hatua moja mbele anajikuta amerudishwa. Viungo hivyo viliandikwa kabla Kiswahili hakijaongezwa. Mkwaju alijua. Vilikuwa kwenye orodha yake ya mambo ya baadaye, na baadaye hiyo ilikuwa imefikisha miezi saba. Katika watu arobaini, thelathini na mmoja walianza kwa kutafuta Kiswahili. Waliofika mwisho nacho walikuwa wawili, kwa kukichagua upya kwenye kila ukurasa.

Wale wanne katika mia hawakuwa wachache wanaopenda Kiswahili. Walikuwa wabishi waliokataa kurudishwa.

Kabla ya kuondoka alimwomba mpokezi majina ya wote waliokosa daktari kwa sababu ya saa. Mpokezi alivaa miwani yake akafungua daftari. "Nilikuwa nayaandika tu," alisema. "Nilijua iko siku atatokea wa kuniuliza."

Jumatano na Alhamisi Mkwaju alifanya kazi kama mtu aliyetukanwa. Alianza na viungo, kimoja kimoja, kila kimoja kibebe lugha ya mtu hadi mwisho wa safari yake. Akaondoa ile tabia ya kuichungulia simu. Kisha akaja kwenye saa. Namba ya kompyuta itolewe sita, na baada yake yaandikwe maneno yenyewe: asubuhi, mchana, jioni. Alipojaribu saa zote za siku, moja ilitoka "Saa 0:00 asubuhi".

Rangi aliyekuwa nyuma yake aliinama kusoma. "Hiyo ni saa ya kuumbwa dunia?"

"Ni kumi na mbili. Sita ukitoa sita hubaki sifuri."

"Weka hivyo hivyo. Wagonjwa waje na malaika."

Mkwaju alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, akarekebisha. Rangi hakuondoka. Alivuta kiti. "Hivi, hicho kibendera changu cha lugha... Nilikuwa nafikiri. Nchi jirani nao wanazungumza Kiswahili, na bendera yao ni nyingine. Nikiweka yetu, wataona tumewaingilia."

"Bendera ni ya nchi. Lugha haina bendera."

"Basi naondoa. Naandika neno Kiswahili, kubwa, juu, mtu asitafute."

"Na Meneja?"

"Akiuliza, nitamwambia rangi hazikuoana."

Hapo ndipo Mkwaju alipoona kosa la ule msemo wa nchi moja, lugha moja. Nchi inaamua tarehe zikae vipi, namba ya simu ianze na nini, tawi lipi lionyeshwe. Lugha ni ya mtu. Anavuka nayo mpaka bila kuulizwa mizigo. Akavitenganisha: tawi likae peke yake kwenye anwani, lugha peke yake, na mtu achanganye apendavyo.

Likabaki jambo moja. Katika tovuti ya lugha mbili, lugha moja huwa haina mkia. Ukiandika anwani tupu, ndiyo inayokupokea. Ile nyingine hujitambulisha kwa herufi zake. Anwani tupu siku zote ilikuwa ya Kiingereza. Mkwaju aliutazama mstari huo kwa muda, akaubadilisha. Anwani tupu ikawa ya Kiswahili. Kiingereza kikapewa "mkwaju en".

Rangi alishika kichwa. "Umeambiwa ukitoe, wewe unakipa kiti cha mbele?"

"Kwani kwenye nyumba yako, wewe mwenyeji ndiye unayevaa kitambulisho shingoni?"

"Watakufukuza."

"Watanifukuza kwa Kiswahili, basi."

Ijumaa Daktari Mkuu alifika saa nne kasoro dakika kumi, amepanda ngazi zote za jengo bila kulalamika. Ni mama mfupi, wa maneno machache, aliyezoea kutazama watu machoni kwa sababu ndiyo kazi yake. Kwa kuwa aliwahi, Meneja hakupata nafasi ya kumwuliza Mkwaju kuhusu sababu zake. Alimwonyesha kiti, akawasha skrini, akaandika anwani ya tovuti mpya.

*Karibu. Chagua siku ya miadi yako.*

Meneja aliutazama ukuta, akautazama tena. "Samahani, Daktari. Kuna hitilafu kidogo." Akamgeukia Mkwaju, akashusha sauti. "Hii si tuliyokubaliana."

"Hatukukubaliana, bosi. Uliniambia nije na sababu. Ninazo."

"Siyo mbele ya mgeni."

"Mgeni ni mimi?" Daktari Mkuu aliuliza. "Nitamsikiliza."

Mkwaju alisimama. Alisimulia habari ya neno "saa", ya mzee na Daktari PM, ya fundi viatu na kitufe cha Endelea. Hakuacha kitu. Alipofika kwenye orodha yake ya miezi saba, aliisema pia.

Meneja aliona upenyo. "Kwa hiyo, kwa maneno yako mwenyewe, kosa lilikuwa lako."

"Langu. Na ndiyo maana sitaki lifichwe kwa kufuta Kiswahili. Tukikifuta, wale wazee hawatakuja kwa wakati. Watakuwa hawaji kabisa, na mchoro wako utapendeza zaidi."

"Unatia chumvi. Namba ni namba. Tisini na sita kwa mia."

"Bosi, naomba ufungue tovuti ya zamani kwenye simu yako. Bado iko hewani. Jiandikishe kwa Kiswahili, sisi tukitazama."

Meneja alisita, lakini Daktari Mkuu alikuwa amemgeukia anasubiri. Alitoa simu. Kilikuja Kiingereza. Alitafuta kibendera, akakipata mara ya pili, akachagua Kiswahili. Aliandika jina. Alibonyeza Endelea. Kiingereza. Alirudi nyuma, akachagua tena, akabonyeza tena. Kiingereza. Sikio lake moja lilianza kuwa jekundu.

"Ni... ni mtandao huu."

"Malizia tu kwa Kiingereza," alisema Daktari Mkuu.

Alimalizia.

"Haya. Sasa na wewe umeingia kwenye wale tisini na sita." Daktari Mkuu alifunga daftari lake. "Mimi nilikuwa nashangaa. Siku nzima natibu watu kwa Kiswahili, halafu naletewa mchoro unaoniambia hawapo." Akamgeukia Mkwaju. "Waliokosa kuonwa kwa sababu ya hiyo saa, unao majina yao?"

"Sitini na watatu. Mpokezi wenu alikuwa ameyaandika."

"Wapigiwe simu leo na Jumatatu, nitafungua saa za ziada wiki ijayo. Tovuti ifunguliwe hivi hivi ilivyo. Na kule tawi jipya pia, mtu achague mwenyewe." Alisimama. "Miezi mitatu. Baada ya hapo tutahesabu upya, ila tuhesabu watu, si simu."

Alipoondoka, Meneja aliingia ofisini kwake akafunga mlango. Saa nane mchana alimwita Mkwaju, akamsogezea karatasi mezani. Tabasamu lilikuwa limerudi, jembamba.

"Mteja ameridhika, sawa. Lakini kampuni ina taratibu. Ulikosa kazini siku nzima bila ruhusa. Ulibadilisha kazi ya mteja kinyume cha maagizo. Hii ni barua ya onyo. Saini hapo chini."

Mkwaju aliisoma yote, polepole, hadi mwisho. Alikosa kazini, ni kweli. Alikwenda kinyume cha maagizo, kweli pia. Chini kabisa, juu ya mstari wa saini, palikuwa na sentensi moja: *Nimeipokea barua hii na ninakiri kwamba nilichofanya kilikuwa kinyume cha maslahi ya mteja.*

Alichukua kalamu. Alikata maneno yote kuanzia "na ninakiri" hadi mwisho, kwa mstari mmoja ulionyooka, akaacha *Nimeipokea barua hii*. Akatia saini yake kwa jina la kwenye vyeti, akairudisha.

Meneja aligusa ule mstari kwa kidole. "Siwezi kuiweka kwenye faili namna hii."

"Basi niandikie nyingine yenye ukweli mtupu, nitaisaini yote."

"Na kama nikikuandikia ya kukuachisha kazi?"

"Hiyo nayo nitaisoma kwanza," alisema Mkwaju. "Kwa sasa naomba ruhusa, bosi. Nina watu sitini na watatu wa kuwapigia simu, na wote wanataka kuambiwa saa sahihi."

Meneja aliivuta ile karatasi karibu yake, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye droo.

"Nenda," alisema.

Tayari Mkwaju alikuwa mlangoni.